Jinsi ya kutengeneza linki yako mwenyewe ya kuonyesha kipande cha jenomu

Leo tuweke siasa pembeni kidogo.

Majuzi nilimtumia rafiki yangu mmoja linki ya kuonyesha mahali kwenye jenomu ya binadamu panaposababisha sikoseli (au selimundu, kama mnavyopenda kuita). Jamaa ana mdogo wake mwenye ugonjwa huo, na pale nyumbani kuna shangazi anayesisitiza kwamba mtoto karogwa. Akampeleka shangazi kafe, akalipia nusu saa, akafungua linki, akaeleza vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba linki yangu ilikuwa inaonyesha jeni nyingine! Jamaa hakujua, shangazi hakujua, mimi nikaja kugundua usiku. Ilibidi nimpigie kuomba radhi. Ndiyo maana naandika haya, ili yasikukute.

Mtandao ninaozungumzia ni UCSC Genome Browser, wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz, Marekani. Upo tangu mwaka 2000, ni bure, na hauhitaji kujiandikisha. Jenomu yetu ina herufi kama bilioni 3, kwa hiyo kumwambia mtu "ingia pale utafute" ni kumpotezea hela ya kafe. Mpe linki inayomfikisha mlangoni.

Linki imejengwaje?

Mwanzo ni huu:

https://genome.ucsc.edu/cgi-bin/hgTracks

Hiyo ndiyo programu inayochora picha. Baada yake unaweka alama ya kuuliza (?), halafu maagizo yako, kila agizo likitenganishwa na lingine kwa alama ya &. Usiache nafasi katikati. Maagizo muhimu ni haya:

1. db= Hii inataja toleo la jenomu. hg19 ni la mwaka 2009, hg38 ni la mwaka 2013. Hapa ndipo nilipoangukia. Herufi ya sikoseli kwenye hg38 iko kromosomu ya 11, nafasi ya 5227002. Kwenye hg19 herufi hiyo hiyo iko 5248232. Mimi nilichukua namba ya hg19 kutoka kwenye makala ya zamani nikaibandika kwenye hg38. Tofauti ni herufi 21,230, na ubaya wake ni kwamba unatua jirani na HBG1, jeni ya himoglobini ya mtoto aliye tumboni. Ukiona neno himoglobini unaridhika, kumbe umepotea. Kwa hiyo namba bila toleo haina maana, ni kama kutaja namba ya nyumba bila kutaja mtaa.

2. position= Mahali penyewe, mfano chr11:5225464-5227071, ambapo ndipo ilipo jeni ya HBB nzima. Ukitaka kuona herufi moja moja, punguza dirisha hadi herufi 50 hivi.

3. hideTracks=1 Inaficha mistari yote ya taarifa. Kisha unarudisha ile unayoitaka tu kwa jina lake: knownGene=pack kwa jeni, ruler=full kwa rula na herufi. Ukiacha pack au full, unaweza kutumia dense, squish au hide. Kwa mtandao wa kusuasua hii inasaidia, maana picha inakuwa nyepesi.

4. highlight= Inapaka rangi sehemu unayotaka mtu aitazame. Rangi huanza na alama ya #, lakini ndani ya linki lazima uiandike %23, la sivyo kivinjari kinaikata hapo hapo.

5. ignoreCookie=1 Hii ni ya watu wa kafe hasa. Mtandao huu unakumbuka mipangilio ya mtu wa mwisho kupitia kuki. Kama aliyekaa kwenye kiti kabla yako alivuruga mambo, utakuta vurugu zake. Agizo hili linaiambia programu ipuuze yaliyopita.

Sasa unganisha vyote:

https://genome.ucsc.edu/cgi-bin/hgTracks?db=hg38&position=chr11:5226980-5227025&hideTracks=1&ruler=full&knownGene=pack&highlight=hg38.chr11:5227002-5227002%23FFFF00&ignoreCookie=1

Utaona herufi T yenye rangi ya njano. Kwa mwenye sikoseli hapo panakuwa na A. Jeni hii inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwenye uzi wa pili, kwa hiyo vitabuni utakuta GAG imegeuka GTG. Msichanganyikiwe, ni jambo lile lile. Herufi moja tu inabadilika, na valini inakaa mahali pa asidi ya glutamiki kwenye himoglobini. Mtoto anapata ugonjwa akirithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye nakala moja kwa kawaida haumwi, na ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliandika hilo mwaka 1954 baada ya kupima watu huku kwetu Afrika Mashariki. Hakuna uchawi hapo.

Mambo ya kuangalia

Usikopi tu anwani iliyo juu ya kivinjari ukaituma. Mara nyingi ina hgsid= na namba ndefu. Hiyo ni namba ya kikao chako, na mwenzako anaweza kuingia humo humo akakuvurugia. Ifute, au andika linki yako upya.

Kama una data yako mwenyewe, iweke kwenye faili mtandaoni kisha ongeza hgt.customText= na anwani ya faili hilo. Faili la aina ya BED linaanza kuhesabu sifuri, kwa hiyo herufi yetu inaandikwa chr11 5227001 5227002. Wengi wanakosea hapa kwa herufi moja, na kwenye sikoseli herufi moja ndiyo kesi yenyewe.

Na tafadhali sana, usiweke majibu ya vipimo vya ndugu yako kwenye kompyuta ya kafe. Linki niliyotoa hapo juu ni ya jenomu ya mfano, haimtaji mtu. Majibu ya mtu ni siri yake.

Kabla hujatuma, ifungue mwenyewe kwenye kompyuta nyingine, tofauti na uliyotengenezea. Mimi sikufanya hivyo, ndiyo shangazi wa watu akaonyeshwa jeni siyo.

Tumerudi naye kafe Jumamosi, safari hii na linki sahihi. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, hiyo ya njano naweza kuwa nayo hata mimi?" Nikamwambia shangazi, ndiyo, inawezekana, na kipimo cha damu kipo. Bado anafikiria.

Ikigoma kwako, bandikeni linki yenu kwenye maoni hapo chini tuikague pamoja.