Jina Lisilo Jaladani

Neno ambalo Wazungu hulitumia kwa wizi wa maandishi lilianza kama jina la mwizi wa watu. Kwa Warumi, plagiarius ni yule aliyeiba mtumwa wa mwenzake au kumtia utumwani mtu huru. Katika karne ya 1, mshairi Martial alimbandika jina hilo mtu aliyejidai kuwa mtunzi wa mashairi yake. Maana ile ya kale imerudi, na njia yake imepita Njoro, Kenya.

Shule ya kilimo aliyoianzisha huko Lord Maurice Egerton mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa walowezi ilipata kuwa chuo kikuu mwaka 1987. Humo, enzi za taipureta, hata mwizi wa maandishi alitoka jasho: aketi maktabani, anakili kurasa kwa mkono, kisha amlipe mpiga chapa. Pengine alitoka na elimu kidogo bila kukusudia. Mwaka 2009 mikongo ya baharini ilitua Mombasa, intaneti ikapata kasi, na jasho likakauka.

Vyuo vilijihami kwa programu kama Turnitin, iliyoanzia Berkeley, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990. Humpa mhadhiri asilimia ya maneno yanayofanana na ya wengine, hata yale yaliyonukuliwa kihalali. Wanafunzi wengi wakaiogopa namba kuliko kosa.

Lakini intaneti ileile ilileta oda za insha kutoka ng'ambo. Msimu wa baridi, saa moja jioni ya New York ni saa tisa usiku Nakuru, jirani na Njoro, na kijana mwenye akaunti ya kukodi kwenye tovuti ya insha bado yuko macho, blanketi mabegani, akiandika insha ya uuguzi ya mtu asiyemjua. Mteja hataki kunakiliwa hata sentensi. Basi kijana anasoma, anaeleza kwa maneno yake, anataja kila chanzo na mwaka wake. Ndiyo kazi ambayo mhadhiri wake humwomba kila muhula. Turnitin haioni kitu, kwa kuwa insha ni mpya kabisa. Kilichoibwa ni mwandishi.

Biashara hii ilianikwa na New York Times mwaka 2019, kisha na filamu ya The Shadow Scholars ya 2024, ambamo yumo Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya. Nchini Uingereza, sheria ya 2022 iliharamisha kuuza insha hizo. Mnunuzi haikumgusa. Novemba mwaka huohuo ikaja ChatGPT, nayo haikodi akaunti wala hailali.