Lugha za printa
Lugha ya printa ni mfumo wa amri ambao kompyuta huutumia kuielekeza printa namna ya kuchapa ukurasa. PostScript, iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1984, ni lugha kamili ya kuandikia programu inayoeleza herufi na michoro kwa hesabu, hivyo ukurasa hubaki na sura ileile katika mashine tofauti, ilhali PCL ya Hewlett-Packard hutumia amri fupi zinazotanguliwa na herufi ya Escape, nayo hufaa zaidi kwa ankara na barua za kila siku. Printa inayoelewa PCL pekee ikipokea kazi ya PostScript, huweza kutoa kurasa nyingi za msimbo unaoanza na %!PS, kwa hiyo lugha ithibitishwe kabla ya kusakinisha kiendeshi.