Bodi Zinazoitwa Mfu: Historia ya Programu Anzishi za Mikrokontrola Kuzunguka Nakivubo, Kampala

Uwanja wa Nakivubo ulijengwa mwaka 1926, na kwa miongo mingi jina hilo lilimaanisha kandanda. Tangu ulipofunguliwa upya mwaka 2024, anayeutaja hutaja pia maduka yaliyouzunguka, Soko la Owino lililo jirani, na mafundi simu wa mitaa ile. Makala haya yanachunguza hitilafu moja tu ya bodi ndogo za mikrokontrola zinazouzwa katika biashara ya namna hiyo. Nimeichagua kwa sababu haielezeki bila historia.

Nilinunua bodi kama hiyo kwa ajili ya somo la vitendo. Taa yake iliwaka na kompyuta iliitambua, lakini kila nilipoipelekea programu ilikataa kupokea. Muuzaji aliitazama kidogo akasema, "Hiyo imekufa, mwalimu," akanipa nyingine na kuitupa ya kwanza ndani ya boksi lililojaa nyingine za aina yake. Nilimwomba aniachie na ile mfu.

Mikrokontrola nyingi za zamani zilihitaji kifaa maalumu cha kuandikia programu. Nyingine zilifutwa kwa mwanga wa urujuanimno kupitia kidirisha cha kioo kabla ya kuandikwa upya. Familia ya AVR, iliyotokana na kazi ya wanafunzi wawili wa Trondheim nchini Norwe katika miaka ya 1990, ilikuja kupata uwezo wa chipu kujiandikia kumbukumbu yake yenyewe. Hapo ndipo programu anzishi, yaani butiloda, ilipopata nafasi: kipande kifupi cha msimbo kinachokaa mwishoni mwa kumbukumbu, kinachoamka kwanza, kinachosubiri kwa muda mfupi kama kuna programu mpya inayoletwa, kisha kinachokabidhi kazi kwa programu iliyopo. Mradi wa Arduino, ulioanza mwaka 2005 huko Ivrea, Italia, uliifanya mbinu hiyo kuwa mali ya wanafunzi wa dunia nzima.

Lakini programu anzishi haikubaki moja. Ile ya awali katika bodi ya Nano yenye chipu ya ATmega328P ilitengewa baiti 2,048 na ilizungumza kwa kasi ya biti 57,600 kwa sekunde. Mwaka 2010 bodi ya Uno ilikuja na programu fupi zaidi iitwayo Optiboot, inayotosha katika baiti 512 na kuzungumza kwa biti 115,200. Nano za Arduino zenyewe zilihamia Optiboot mwaka 2018. Watengenezaji wa nakala za bei nafuu hawakulazimika kufuata kalenda hiyo, na wengi waliendelea kuweka programu ya zamani. Kwa hiyo bodi mbili zinazofanana kwa macho zaweza kuwa za vizazi viwili. Kompyuta ikiisemesha ya zamani kwa kasi mpya, bodi haijibu kitu kinachoeleweka. Boksi la muuzaji wangu, kwa sehemu kubwa, lilikuwa na bodi za mwaka usiofaa, si bodi zilizokufa.

Kuna tabaka la pili la historia hii. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI ilitoa draiva iliyobadilisha namba ya utambulisho ya chipu bandia za kuunganishia USB kuwa sifuri, na vifaa vya watu wasio na hatia vikaacha kutambuliwa. Baadaye nakala nyingi zilionekana na chipu ya CH340 kutoka China, ambayo nayo huweza kuhitaji draiva yake. Ndiyo maana uchunguzi uanzie mbali na chipu kuu: je, waya wa USB una nyuzi za data au ni wa kuchajia tu? Je, draiva ipo? Kisha mikrokontrola ishikiliwe katika hali ya kuwashwa upya, pini za kutuma na kupokea ziunganishwe; herufi zikirudi kama zilivyotumwa, njia ni nzima. Ndipo ijaribiwe kasi ya zamani. Ya kwangu ilipona hapo.

Isipopona, fundi hutumia pini sita za pembeni. Bodi nyingine ya pili yaweza kugeuzwa kuwa kiandikio, isome saini ya chipu (1E 95 0F kwa ATmega328P), ithibitishe fyuzi zinazoamua chipu ianzie wapi, kisha iandike programu anzishi upya. Kazi hiyo haimalizi dakika kumi, ila humtaka fundi ajue kwamba inawezekana.

Hapa ndipo washauri wa sera wanapohusika. Tangu 2013 mradi wa WIMEA-ICT, kwa ufadhili wa Norwe, uliwakutanisha Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Juba katika kubuni vituo vya hali ya hewa vya bei nafuu. Kituo kilichosimikwa mbali na mji hakina muuzaji wa kukibadilisha. Kinamhitaji mtu awezaye kukiamsha. Uganda ilipata sera ya taka za kielektroniki mwaka 2012, na Kiswahili kilitajwa katika katiba yake kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Hata hivyo, ujumbe wa hitilafu anaousoma fundi haupo kwa Kiswahili wala kwa Kiganda, na pakiti ya bodi haisemi ni ya kizazi gani. Zabuni za umma zingeweza kudai jambo hili la pili kesho: jina la programu anzishi, kasi yake na chipu ya USB, vichapwe kwenye pakiti. Jambo la kwanza ni la wanaistilahi, na orodha ya kuanzia si ndefu: programu anzishi, fyuzi, saini ya chipu, kasi ya mawasiliano.