Daftari la bibi na kadi ya mchango

Wadau, bumu limekata na jana nimeletewa kadi ya mchango wa harusi: singo elfu 50! Nikampigia bibi kulalamika. Akacheka, akanisomea daftari la harusi yake ya 1984: sukari kilo 2, sabuni mche mmoja, khanga doti moja. Vidogo? Thubutu! Vita vya Kagera vya 1978-79 vilichangia kukausha hazina, bidhaa zikaadimika, na 1983 Serikali ikaanza msako wa wahujumu uchumi. Aliyekuletea sukari kajinyima chai nyumbani kwake. Ndo maana bibi aliandika kila jina, ili siku yao naye arudishe. Kumbe kadi hii ni ya mjukuu wa yule wa sukari! Nimekopa elfu 20 kwa mwenzangu wa chumbani, iliyobaki natafuta.