Mavuno ya Jirani kwa Mwenye Njaa: Namna ya Kuipima Huduma ya Chakula

Utangulizi

Katika kuadhimisha Jubilei ya miaka mia moja ya usharika wetu, haifai tukahesabu majengo, wachungaji na waliobatizwa peke yao, tukaiacha nyuma huduma ya diakonia. Kila mwaka Wakristo wa Nyanda za Juu Kusini huleta mbele ya madhabahu mahindi, maharage, viazi na kuku kuwa sadaka ya mavuno, na baada ya ibada sadaka hiyo hunadiwa nje ya kanisa. Mikoa yetu hulima, na mikoa mingine, hasa ile ya kati yenye mvua haba, hupatwa na njaa mara kwa mara. Kwa hiyo swali la chakula cha msaada latuhusu sisi moja kwa moja: kinunuliwe wapi, na tutajuaje kwamba ununuzi huo umetenda haki? Makala hii inaeleza kwamba huduma ya namna hii haina budi kupimwa kwa pande mbili, upande wa aliyekula na upande wa aliyelima.

Chakula kilichotwaliwa

Chakula kilichopatikana karibu hakikuwa baraka siku zote. Katika Vita vya Maji Maji (1905–1907) jeshi la Wajerumani liliteketeza mashamba na maghala ya kusini, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalitwaa nafaka na mifugo ya Ugogo ili kuwalisha askari na wapagazi. Mvua zilipokosekana, wenyeji hawakuwa na akiba yoyote. Ndipo ikaja njaa iitwayo Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, ambayo inakadiriwa kuwa iliua watu 30,000. Nafaka ile ilitoka jirani kabisa, lakini waliokula hawakuuliza mkulima amebakiwa na nini. Swali hilo ndilo linalopaswa kutangulia mengine yote.

Chakula kilichotoka ng'ambo

Baada ya Uhuru tulijifunza njia nyingine. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975, pamoja na msukosuko wa watu kuhamia vijijini, uliilazimu Serikali kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Wazee wetu wanaukumbuka unga wa mahindi ya njano, ambao wananchi waliuita "unga wa yanga". Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka 1954 iliyoruhusu ziada ya mazao ya wakulima wake kupelekwa katika nchi zenye mahitaji. Tunamshukuru Mungu kwa maisha yaliyookolewa kwa msaada wa namna hiyo. Hata hivyo, sheria hiyo ilitungwa pia kwa faida ya wakulima wa huko, na meli zilichukua muda mrefu. Ikitokea shehena imefika wakati mvua zimerudi na watu wanavuna, mkulima wa karibu hukuta bei ya mazao yake imeshuka.

Miaka hiyo hiyo Serikali iliweka bei moja ya mahindi nchini kote. Mkulima wa Iringa, Mbeya, Rukwa au Ruvuma alilipwa sawa na aliyeishi karibu na Dar es Salaam, na mikoa hiyo minne ikawa ghala la taifa. Utaratibu huo uligharimu fedha nyingi, ukaondolewa katika mageuzi ya uchumi yaliyoanza miaka ya 1980. Tangu hapo mkulima wa mbali akabaki na mfanyabiashara mwenye lori, anayetaja bei akijua kwamba barabara ni mbaya na ada ya shule inadaiwa.

Kipimo cha kwanza: je, mwenye njaa alikula kwa wakati?

Mwaka 1996 Jumuiya ya Ulaya ilibadili kanuni zake ili misaada ya chakula iweze kununuliwa zaidi katika nchi zenye uhitaji au nchi jirani. Marekani nayo iliruhusu majaribio kwa sheria ya mwaka 2008. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell waliyachunguza majaribio hayo katika nchi tisa, na mwaka 2013 wakatangaza kwamba kununua karibu, au kuwapa watu fedha na hati za kununulia, kuliokoa takriban wiki 14 ukilinganisha na kusafirisha chakula kutoka Marekani. Gharama ya nafaka ilipungua kwa zaidi ya nusu. Kwa vyakula vilivyosindikwa, faida hiyo haikuonekana kila mahali. Mama anayemnyonyesha mtoto wakati ghala la nyumbani li tupu anajua wiki 14 zina uzito gani.

Kasi na gharama, hata hivyo, si yote. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 125 walifariki kwa mahindi yenye sumukuvu, na mwaka 2016 watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi hayo yalilimwa nyumbani. Mahindi ya jirani yasiyokaushwa vizuri hayawi salama kwa sababu tu ni ya jirani.

Kipimo cha pili: je, aliyelima alifaidika?

Hapa ndipo penye ugumu. Mwaka 2008 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha mpango wa majaribio ulioitwa P4P katika nchi 20, Tanzania ikiwamo, ili kununua nafaka kutoka katika vyama vya wakulima wadogo. Vyama vilifundishwa kukausha, kuchambua, kupima na kuhifadhi. Tathmini iliyofanyika baada ya miaka mitano ilionyesha kwamba vyama vingi viliimarika. Lakini ushahidi kwamba kipato cha kaya za wakulima kiliongezeka haukuwa thabiti kiasi hicho, na matokeo yalitofautiana nchi kwa nchi.

Tunaoishi vijijini hatushangai. Mkulima mwenye magunia matatu ya kuuza hawezi kungoja malipo ya chama kwa miezi miwili, naye mfanyabiashara amesimama mlangoni na fedha mkononi. Akiuza kwake, chama hushindwa kutimiza mkataba. Tena wakulima wadogo wengi huuza baada ya mavuno na kununua chakula kabla ya mavuno mapya, hivyo bei ikipanda kwa sababu ya mnunuzi mkubwa, wao huumia pia. Na katika nyumba nyingi mama ndiye anayepalilia na kupukuchua, ilhali uanachama na fedha ni vya baba. Anayehesabu tani peke yake hawezi kuyaona mambo hayo.

Neno la Mungu na hesabu zetu

Katika Matendo ya Mitume sura ya 11, Wakristo wa Antiokia walipojulishwa juu ya njaa walichanga, kila mtu kwa uwezo wake, wakaupeleka mchango kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho sura ya 8, Mtume Paulo anaonyesha jinsi alivyojihadhari asije mtu akailaumu huduma ya changizo, akitaka iwe njema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Basi tathmini ni sehemu ya sadaka yenyewe, wala haifai kuachiwa wafadhili.

Napendekeza Kamati ya Diakonia ya Usharika iandike kitabuni, kila tununuapo chakula cha wahitaji: tulimlipa nani, bei gani, baada ya siku ngapi, je, fedha ilifika mkononi mwa mama aliyelima, je, chakula kilikaguliwa, na kilimfikia mwenye njaa lini. Tujitazame pia katika mnada wetu. Usharika unaonadi mahindi yake mwezi wa saba bei ikiwa chini, kisha ukanunua mahindi mwezi wa pili bei ikiwa juu ili kuwalisha wenye njaa, umepunguza sadaka ya wajane kwa kukosa ghala tu. Ghala dogo na kavu linaweza kuwa tunda jema la Jubilei hii.

Hitimisho

Waliotutangulia walitoa walichokuwa nacho, wengi wao wakiwa wameonja njaa wenyewe. Tuwaenzi kwa kutoa, na kwa kuuliza kwa unyofu kama tulichotoa kimemfaa aliyekula bila kumdhulumu aliyelima. Bwana wa mavuno aubariki usharika wetu katika karne yake ya pili. Amina.