Mjusi Kafiri katika Njia ya Unyanyembe

Wafanyabiashara wa pwani waliopanda bara kutoka Bagamoyo kutafuta pembe za ndovu, wakaifanya Tabora, katika Unyanyembe, kituo chao kikuu katika karne ya 19, walichukua, pamoja na shanga na merikani, itikadi yao juu ya mjusi kafiri, ambaye kwa mujibu wa Hadithi aliupuliza moto aliotiwa Nabii Ibrahimu, na kwa hiyo kumwua ni thawabu. Hata leo, katika nyumba ya Mwislamu wa Igunga, mkoani Tabora, mjusi aliyekonda ukutani hatarajii tabibu, ijapokuwa (nami nasema kwa insafu) hutulia mbu bure.

Ajabu ni kwamba jamaa yake wa samawati, wa msitu wa Kimboza, Morogoro, aliuzwa Ulaya kwa maelfu, hata biashara yake ya kimataifa ikaharimishwa mwaka 2017. Huko Ulaya mjusi aliyedhoofishwa na bwana mzembe huuguzwa kwa taratibu: kwanza joto na maji, kwa maana mwenye baridi hawezi kuyeyusha chakula, kisha wadudu wadogo waliopakwa unga wa kalsiamu, mmoja mmoja, pasipo kumlazimisha.