Gari la zamani lililobadilishwa, kutoka Kenya hadi Moshi: Usajili, ukaguzi na kodi zake

Mtu anayehama na gari kutoka Dar es Salaam au Mwanza kwenda Moshi hana cha kusajili upya. Namba za Tanzania Bara ni za nchi nzima, hazibadiliki kwa sababu gari limehama mkoa.

Kazi inaanza pale gari linapotoka nchi jirani. Kwa wakazi wa Moshi, Marangu na Rombo nchi hiyo kwa kawaida ni Kenya, na njia ni Holili au Tarakea. Na kama gari lenyewe ni Land Rover ya zamani iliyowekewa injini ya gari jingine, au Land Cruiser iliyokatwa na kurefushwa bodi, ishu inakuwa nzito zaidi.

Kubadilisha gari peke yake si kosa. Shida huja pale kadi inaposema kitu kimoja na chuma kinasema kingine. Haya ndiyo mambo ya kujua kabla ya kuvuka.

Kibali cha muda si usajili

Gari lenye namba za kigeni linaweza kuingia Tanzania kwa kibali cha muda kinachotolewa na forodha mpakani. Kibali hicho kina tarehe ya mwisho, na kimewekwa kwa ajili ya mtu anayekuja na kuondoka.

Aliyehamia Moshi, anayefanya kazi Moshi na kulaza gari Moshi, si mgeni tena. Kuendelea kutembea na namba za Kenya baada ya kibali kuisha ni kukaa na gari ambalo halijalipiwa kodi. Likikamatwa, mmiliki atadaiwa kodi pamoja na adhabu, na gari linaweza kuzuiliwa.

Kodi: hapa ndipo wengi hukwama

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba gari likishalipiwa kodi Kenya, basi limelipiwa Afrika Mashariki nzima. VAT na ushuru wa bidhaa ni kodi za kila nchi. Na gari lililotengenezwa Japani au Uingereza halihesabiwi kuwa bidhaa yenye asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki eti kwa sababu limeishi Nairobi miaka 15.

Kosa la pili ni kusahau umri. Kenya inazuia kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania haizuii, ila inatoza. Kwa magari madogo ya abiria, viwango vilivyozoeleka ni hivi:

• Ushuru wa forodha: 25%
• Ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi cc 2,000: 10%
• Ushuru wa uchakavu: 15% kwa gari la miaka 8 hadi 10, na 30% kwa lililozidi miaka 10
• VAT: 18%

Kodi hizi hazijumlishwi tu, zinapandiana. Tuseme TRA wamelithamini gari Sh10 milioni, lina injini ya cc 2,500 na miaka 20. Ushuru wa forodha ni Sh2.5 milioni, thamani inafika Sh12.5 milioni. Juu ya hiyo, ushuru wa bidhaa ni Sh1.25 milioni na uchakavu Sh3.75 milioni. Sasa ni Sh17.5 milioni. VAT yake ni Sh3.15 milioni.

Jumla ya kodi hizo nne: Sh10.65 milioni. Kodi imepita bei ya gari, na bado kuna tozo ndogo ndogo za forodha, ada ya usajili na malipo ya wakala.

Thamani inayotumika ni ile ya TRA, si ile waliyokubaliana muuzaji na mnunuzi. Mamlaka hiyo ina kikokotoo mtandaoni cha magari yaliyotumika: mtu anaingiza aina ya gari, modeli, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini, kinampa makadirio. Viwango hubadilika kwa Sheria ya Fedha kila Julai 1, hivyo makadirio ya mwaka jana si ya kutegemea.

Defender ya zamani iliacha kutengenezwa Januari 2016. Kwa hesabu hii, hata ile ya mwisho kabisa kutoka kiwandani si gari changa tena.

Karatasi zianzie upande wa Kenya

Gari lililobadilishwa linatakiwa lisafishwe karatasi kule kule lilikosajiliwa, kabla halijafika Taveta. Kenya kazi hiyo iko kwa NTSA. Kama injini, rangi au aina ya bodi imebadilika, logibuku irekebishwe kwanza.

Sababu ni rahisi. Ofisa wa forodha Holili anasoma logibuku, kisha anaangalia gari. Akikuta namba ya injini haifanani, hawezi kujua kama injini ilinunuliwa kihalali au imetoka kwenye gari la wizi. Magari ya wizi huvushwa mipaka, na polisi wa nchi hizi hubadilishana taarifa kupitia Interpol. Mmiliki mwaminifu asiye na risiti anajikuta kwenye kapu moja na mwizi.

Vitu vinavyoangaliwa zaidi:

Chesisi. Hii ndiyo kitambulisho cha gari. Kama namba imeliwa na kutu, asiruhusiwe fundi yeyote kuigonga upya gereji bubu. Namba iliyoguswa ni kesi. Ripoti iende kwa mamlaka ya usajili.

Injini. Ihifadhiwe risiti ya manunuzi, na kama imetolewa kwenye gari jingine, nakala ya kadi ya gari hilo. Ukubwa wa injini nao unagusa kodi: injini ya cc 1,900 na ya cc 2,800 hazitozwi sawa.

Bodi na viti. Pikapu iliyogeuzwa kuwa gari la abiria haihesabiwi tena kama pikapu. Idadi ya viti inaingia kwenye kadi, bima na leseni.

Namba na taa. Polisi wamekuwa wakiendesha operesheni dhidi ya vimulimuli, ving'ora, taa kali za ziada na namba zisizo za kawaida kwenye magari binafsi. Vitolewe mapema.

Ukaguzi wenyewe

Gari lililotumika likiingizwa nchini linapimwa ubora wa kutembea barabarani, kazi iliyo chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Likishasajiliwa, linakuwa mikononi mwa askari wa usalama barabarani na wakaguzi wao wa magari.

Mambo yanayopimwa si ya ajabu: breki, usukani, sasishi, matairi, taa, vioo, mikanda, uvujaji wa mafuta na moshi. Ila kwa gari lililorefushwa au kuongezewa keria, tangi la pili na matairi makubwa, breki ndizo za kutazamwa kwanza.

Milima ya huku haina utani. Geti la Marangu liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini iko chini ya mita 1,000. Gari linaloteremka kutoka Marangu kwenda Himo au kutoka Machame kwenda barabara kuu linashuka muda mrefu bila kupumzika. Uzito ukiongezwa na breki zikabaki zile za kiwandani, au injini ya kigeni ikashindwa kusaidia kushikilia gari kwenye gia ndogo, breki zinapata moto na kupoteza nguvu. Fundi aliyeongeza bodi aulizwe aliongeza nini kwenye breki na springi. Kama jibu ni hakuna, kazi haijaisha.

Baada ya namba kutoka

Nyaraka za forodha hupitishwa na wakala mwenye leseni, na mmiliki anatakiwa awe na TIN. Kodi zikilipwa na ukaguzi ukipita, gari linapata namba za T: za njano kwa gari binafsi, nyeupe kwa la biashara.

Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, hivyo asitokee mtu wa kuidai. Bima ni lazima, na stika yake inaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA. Mabadiliko yote yatajwe kwa kampuni ya bima tangu siku ya kwanza. Bima ya gari la viti vitano ambalo kiuhalisia lina viti tisa ni mwanya wa kukataliwa fidia siku ya ajali.

Gari la kubeba abiria kwa malipo linahitaji leseni ya LATRA. Namba za njano haziruhusu kazi hiyo.

Tahadhari kwa wanaonunua magari ya safari Arusha

Wapo wanaokwepa mpaka kwa kununua Land Cruiser ya utalii iliyochoka, yenye namba za T tayari. Kusajili upya hakuhitajiki, ni kuhamisha umiliki TRA, pamoja na ushuru wa stempu wa 1%.

Lakini sheria ya forodha ya Jumuiya ilitoa msamaha kwa magari yaliyoundwa maalumu kwa utalii na kuingizwa na kampuni zenye leseni. Gari la aina hiyo likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi inaamka. Kabla ya kutoa hela, mnunuzi aulizie TRA kama gari liliingia kwa msamaha, na nani atalipa.

Kabla ya kuvuka Holili, kwa ufupi

1. Logibuku ilingane na gari: chesisi, injini, rangi, bodi.
2. Risiti za injini na za fundi ziwe mkononi.
3. Makadirio ya TRA yafanywe kwa mwaka halisi wa gari.
4. Breki na springi zipimwe kwa uzito wa sasa.
5. Wakala mwenye leseni apatikane kabla ya safari.

Kama hatua ya tatu inaonyesha kodi inazidi thamani ya gari, huo ndio wakati wa kuamua kuliuza Kenya. Likishavuka na kibali kikaisha, uamuzi huo unakuwa wa gharama zaidi.